Tofali halijengi nyumba: tuisome upya ile chati ya vyakula

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Makongolosi, wilaya ya Chunya. Jioni moja nilikaa kwa mama ntilie na binamu yangu, kijana wa miaka 22 anayefanya kazi kwenye duara la dhahabu. Kazi yake ni sululu, nyundo na kuvuta viroba vya mawe kutoka chini. Mama ntilie akaleta ugali na maharage kama kawaida. Binamu akamaliza maharage yote, akala matonge mawili ya ugali, sahani akaisukuma pembeni.

Nikamuuliza, mbona huli? Akacheka.

"Dada, ugali unajaza tumbo tu. Haujengi. We si ndo unasomea haya mambo?"

Kisha akatoa kwenye begi kopo la unga wa protini. Alilinunua Mbeya mjini kwa hela ya siku nne za kazi. Anakoroga kijiko kimoja kwa maji asubuhi, anashuka kwenye duara. Mchana hali kitu. Usiku anakula mboga, ugali anauacha. Ameanza mpango huo miezi miwili iliyopita ili "ajae". Nikamwangalia vizuri. Mkanda wa suruali ulikuwa umetobolewa tundu jipya, tena kwa ndani.

Nilidhani atasema kajifunza kwenye video za mtandaoni. Hapana. Akaniambia, "Si darasani? Ile chati ya vyakula."

Unaikumbuka. Kwa wengi wetu ilikuwa karatasi ya manila ukutani, imechorwa safu tatu. Safu ya kwanza ni vyakula vya kujenga mwili: nyama, samaki, mayai, maziwa, maharage. Ya pili ni vyakula vya kutia nguvu na joto: ugali, wali, viazi, mihogo. Ya tatu ni vyakula vya kulinda mwili: mboga za majani na matunda. Tuliikariri, tukaijibu kwenye mtihani, tukapata vema. Bado inaonekana kwenye kuta za madarasa na kwenye kliniki za akina mama.

Tunahakiki vitabu, filamu na nyimbo. Chati hii imesomwa na watu wengi kuliko riwaya yoyote ya Kiswahili, lakini sijawahi kuona mtu ameikalia chini kuihakiki. Nimeona nijaribu, maana kwa binamu yangu ilikuwa imegeuka kuwa uamuzi wa kila siku.

Kwanza tuipe haki yake

Chati hii ina sifa, tena kubwa. Ni fupi. Mtoto wa darasa la nne anaibeba kichwani mpaka uzeeni. Na imefanya jambo moja la maana sana: imeyaweka maharage safu moja na nyama. Katika mikoa yetu ya Nyanda za Juu Kusini, ambako maharage yanalimwa karibu kila kijiji, huo ni ujumbe wa kumuokoa mama asiyeweza kununua nyama kila wiki. Ilimwambia kwamba mtoto wake hajakosa kitu kwa sababu tu bucha liko mbali na mfuko.

Kwa hiyo sisemi chati ni uongo. Nasema ina makosa matatu, na makosa hayo hayaishii kwenye mtihani.

Kosa la kwanza: inakipa kila chakula kazi moja

Ukiisoma chati, ugali ni nguvu, basi. Tuuweke kwenye mizani. Unga wa mahindi una protini takribani gramu 8 katika kila gramu 100. Maharage makavu yana kama 22. Dagaa wakavu wanafika karibu 60.

Tuchukue mchimbaji wa kilo 65. Kwa siku anakula ugali wa unga gramu 600, maharage yaliyokuwa gramu 150 kabla ya kupikwa, na dagaa wakavu gramu 30. Ugali unampa gramu 48 za protini. Maharage yanampa 33. Dagaa wanampa 18. Jumla ni gramu 99.

Angalia tena hizo namba. Chakula kilicholeta protini nyingi kuliko vyote kwenye sahani hiyo ni ugali. Karibu nusu nzima! Siyo kwa sababu una protini nyingi, ila kwa sababu tunaula mwingi. Binamu alipousukuma pembeni alidhani anaacha nguvu na kubaki na ujenzi. Alikuwa anaacha vyote viwili.

Je, gramu 99 zinatosha? Ripoti ya wataalamu wa WHO, FAO na Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa iliyotoka 2007 iliweka kiwango salama cha gramu 0.83 kwa kila kilo ya mwili wa mtu mzima. Kwa kilo 65 ni gramu 54. Kwa anayenyanyua vyuma ili aongeze misuli, uchambuzi uliotoka 2018 ulikusanya majaribio 49 na kukuta kwamba ukipita gramu 1.6 hivi kwa kilo, kuongeza protini zaidi hakukuongeza misuli kwa kiasi cha kuonekana. Kwa kilo 65 ni gramu 104. Tuwe wakweli: protini ya mimea haisagwi tumboni yote kama ya maziwa au yai, kwa hiyo hizo 99 zipunguze kidogo, au ongeza yai, au ongeza upawa wa maharage. Hata hivyo sahani ya mama ntilie haiko mbali na kiwango cha wanyanyua vyuma.

Kuna jambo lingine ambalo safu tatu haziwezi kulionyesha. Protini zinaundwa kwa asidi amino 20, na 9 kati ya hizo mwili wa mtu mzima hauwezi kuzitengeneza, lazima zije na chakula. Mahindi yana upungufu wa moja inayoitwa laisini. Maharage yanayo laisini kwa wingi, ila yana upungufu wa methionini, ambayo mahindi yanayo ya kutosha kuziba pengo. Ukivila vyote viwili ndani ya siku moja, vinazibiana. Bibi zetu waliopika makande hawakuwa na maabara, lakini sufuria lao lilivunja ukuta kati ya safu ya kwanza na ya pili muda mrefu kabla chati haijachorwa.

Kosa la pili: kitenzi kimepewa mtu asiye wake

"Vyakula vya kujenga mwili." Nani anajenga? Kwa chati, chakula ndicho kinachojenga. Hapa ndipo pananikera kuliko pote, maana ni sawa na kusema tofali linajenga nyumba.

Makongolosi kila mtu anajua tofali halijengi. Mtu akipata dhahabu anamwaga tofali kiwanjani. Bila ramani, bila fundi na bila hela ya kumlipa fundi, tofali zinakaa hapo mpaka zinaota majani. Mwilini ni hivyohivyo. Nyama au maharage ukishakula, tumbo na utumbo vinavunjavunja protini zake mpaka zinakuwa asidi amino. Hakuna msuli wa ng'ombe unaokwenda kukaa kwenye mkono wako. Damu inapokea tofali mojamoja, basi.

Ramani iko kwenye DNA, ndani ya kiini cha seli. Haitoki nje. Inanakiliwa kwenye RNA mjumbe, na nakala hiyo inakwenda kwa fundi, ambaye ni ribosomu. Ribosomu inasoma nakala herufi tatu kwa mpigo, na kila herufi tatu zinataja asidi amino moja. Nyingine ndogo, RNA chukuzi, inaileta asidi amino iliyotajwa, inaunganishwa na iliyotangulia, kazi inasonga mbele. Mayosini, protini mojawapo inayofanya msuli uvute, ina mnyororo wenye asidi amino zaidi ya 1,900. Ikikosekana moja kati ya zile 9, fundi anakwama mpaka ipatikane, hata kama nyingine zimejaa kiwanjani.

Sasa nani anamwambia fundi aanze? Kazi. Msuli ukivuta mzigo mzito, seli zake zinahisi mvuto huo na kuwasha swichi ya protini iitwayo mTOR, inayoamuru ribosomu ziongeze kasi. Jina hilo lina historia yake: herufi ya R inatokana na dawa ya rapamaisini, iliyopatikana kwenye bakteria wa udongo wa kisiwa cha Rapa Nui katika bahari ya Pasifiki. Dawa hiyo inazima swichi, na watafiti waliifuata mpaka wakaikuta swichi yenyewe. Chakula nacho kinaigusa swichi, hasa asidi amino ya leusini. Mzigo na chakula vikija pamoja, ujenzi unapanda kuliko kikija kimoja. Baada ya zoezi zito kasi ya ujenzi inaweza kubaki juu kwa saa 24 hadi 48. Yaani sehemu kubwa ya ujenzi inafanyika umepumzika, umelala, nyundo iko pembeni.

Na fundi huyu hajengi upya tu, anakarabati. Kila siku mwili wa mtu wa kilo 70 unatengeneza protini kama gramu 250 hadi 300, wakati anachokula ni sehemu ndogo tu ya hizo. Nyingine zinatoka wapi? Zinatoka kwenye protini kuukuu zilizobomolewa na tofali zake kutumika tena. Nyuzi za msuli zikiumia, seli shina zilizolala pembezoni mwa nyuzi hizo zinaamka, zinagawanyika na kujiunga na uzi ulioumia. Ziligunduliwa na Alexander Mauro mwaka 1961, na zinaitwa seli setilaiti. Msuli unakua pale tu ujenzi unapozidi ubomoaji, siku baada ya siku. Ukitazama safu tatu za chati, hutaona ubomoaji, hutaona kazi, hutaona usingizi. Utaona nyama na yai.

Kosa la tatu: inatenganisha mjenzi na mlipaji

Hili ndilo lililompata binamu.

Kuunganisha asidi amino moja tu kwenye mnyororo kunagharimu angalau vifungo 4 vya nishati ya juu, vile vinavyobebwa na ATP na GTP, sarafu za nishati ndani ya seli. Kwa mnyororo ule wa mayosini ni zaidi ya vifungo 7,600. Mnyororo mmoja! Hela hiyo inatoka wapi? Kwa sehemu kubwa inatoka kwenye ugali, viazi, wali na mafuta. Inatoka kwenye safu ya pili.

Nishati ikipungua, seli haina ujinga wa kujenga ghorofa wakati nyumbani hakuna chakula. Swichi ya mTOR inabanwa. Asidi amino zilizoingia, hata ziwe za unga wa bei gani, zinaanza kuchomwa kama kuni. Naitrojeni yake inakatwa, ini linaigeuza kuwa urea, figo zinaitoa kwenye mkojo. Sehemu iliyobaki inageuzwa glukosi au inachomwa moja kwa moja. Na zisipotosha, mwili unabomoa msuli wenyewe ili upate kuni zaidi.

Tupige hesabu. Kijiko cha unga kama ule kwa kawaida kina protini gramu 20 hadi 25 na nishati isiyozidi sana kilokalori 120. Mtu anayepiga nyundo na kuvuta mawe kutwa anaweza kuhitaji zaidi ya kilokalori 3,000. Ile sahani ya ugali gramu 600, maharage na dagaa, ukiweka na mafuta vijiko viwili, inafika karibu 3,000. Matonge mawili na kikombe cha unga havifiki hata nusu.

Nilimwambia binamu kwa lugha ya nyumbani: hela ya siku nne unaikojoa. Alinuna kidogo. Lakini unga wenyewe siusemi vibaya. Ukiwa ni wa maziwa kweli, protini yake ni nzuri na leusini imo ya kutosha. Shida ni kwamba alinunua tofali za bei mbaya halafu akamfukuza mlipaji wa fundi.

Haya makosa yana ukoo

Mtu anaweza kuniambia, wewe unaionea chati ya watoto. Kila somo la shule hurahisishwa. Nakubali, na mimi mwenyewe hapa nimerahisisha mengi. Ila kurahisisha kuna mpaka wake: usimfanye msomaji achague kinyume. Na fikra ya "protini kwanza, mengine baadaye" iliwahi kuwapotosha watu wazima wenye digrii nyingi kuliko mimi.

Mwaka 1952 Shirika la Afya Duniani lilichapisha ripoti ya Brock na Autret kuhusu kwashakoo barani Afrika, na katika miaka iliyofuata dunia ya lishe iliamini kwamba tatizo kuu la watoto wa nchi maskini ni upungufu wa protini. Mwaka 1955 Umoja wa Mataifa ukawa na kamati maalumu ya ushauri wa protini. Pesa na akili nyingi zilikwenda kutafuta protini mpya, hata za samaki waliosagwa na za vijidudu. Mwaka 1974 Donald McLaren aliandika kwenye jarida la The Lancet makala ya kulaani mkondo huo wote, akiuita kioja kikubwa. Hoja iliyoshinda polepole ni kwamba watoto wengi walikosa chakula cha kutosha kwa ujumla, na protini ndogo waliyoipata ilikuwa inachomwa kama kuni. Hata kwashakoo yenyewe haikuelezeka kirahisi. Utafiti wa mapacha wa Malawi, majirani zetu, uliotoka 2013, ulionyesha kwamba bakteria wa utumbo nao wana mkono katika ugonjwa huo.

Na jibu zuri la vitendo lilitoka hapahapa kusini. Kuanzia 1983 mkoa wa Iringa, ambao wakati huo ulikuwa na Njombe ndani yake, ulikuwa na mradi wa lishe wa serikali, WHO na UNICEF, kwa fedha za Italia, ulioanza na vijiji 168. Vijiji vilipima uzito wa watoto, vikakaa na kuuliza kwa nini huyu hakui. Majibu hayakuwa "hakuna nyama" tu. Mama yuko shambani kutwa, mtoto analishwa mara mbili kwa siku. Uji ni mwepesi mno, na ukiukaza mtoto haumezi. Kuna malaria, kuna kuhara. Kati ya 1984 na 1988 utapiamlo mkali katika vijiji hivyo ulishuka kutoka karibu asilimia 6 hadi chini ya asilimia 2.

Miaka hiyohiyo watafiti wa Taasisi ya Chakula na Lishe walikuwa wanachunguza kimea, kitu ambacho wapika pombe wanakijua tangu zamani. Ukichanganya unga kidogo wa ulezi au mtama uliooteshwa kwenye uji mzito, vimeng'enya vyake vinakata wanga na uji unakuwa mwepesi kumezeka huku unga ukibaki uleule. Tumbo dogo la mtoto linapata nishati zaidi kwa kikombe kilekile, na protini iliyomo inaachwa ifanye kazi ya kujenga. Kwa lugha ya chati, mtoto anajengwa kwa kuongezewa "chakula cha kutia nguvu".

Tuichane?

Hapana. Taasisi ya Chakula na Lishe, ambayo ipo tangu 1973, yenyewe imeshahama kutoka safu tatu. Makundi yake yanafuata aina ya chakula: nafaka, mizizi na ndizi, kunde, vyakula vya asili ya wanyama, mboga, matunda, mafuta. Mkazo uko kwenye mlo kamili, siyo kwenye kazi moja ya kila kundi. Hiyo ni hatua kubwa. Kinachobaki ni kuta zetu na midomo yetu. Walimu wa mazoezi kwenye jimu za Mbeya na Iringa bado wanaongea kwa safu tatu, na ukiwasikiliza wauza makopo utadhani waliichora wao.

Kama ningepewa karatasi ya manila na kalamu, ningeacha picha zote zilezile, nikafuta vichwa vya safu na kuandika sentensi moja chini: mwili ndio unaojenga, ukipewa kazi, chakula cha kutosha cha mchanganyiko, na usingizi. Mtoto wa darasa la nne anaielewa. Akifika miaka 22 na nyundo mkononi, haitamdanganya.

Binamu hajalitupa kopo. "Nimelinunua, ntalimaliza," alisema, na sikubishana naye, hela ni yake. Ila kabla sijaondoka tulikwenda tena kwa mama ntilie, safari hii mchana, muda ambao zamani hakuwa anakula kabisa. Kulikuwa na makande. Akala sahani nzima, akaomba aongezewe, akaniuliza, "Haya nayo yako safu gani?"